Mstari wa 286

Saa tatu na nusu asubuhi Inspekta alikuwa amefika mstari wa 143, na mtoto wa Mwalimu alikuwa ameshatazama saa yake mara tisa.

Kituoni walimwita Inspekta huyo Taratibu, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi na goti moja lililomsumbua kila alipoona ngazi. Wenzake walimaliza jalada la wizi kwa siku moja wakaenda zao kunywa chai. Yeye aliweza kukaa na risiti moja mpaka chai ikapoa na watu wakaanza kuulizana watakula nini mchana. Asubuhi hii alivaa glavu nyeupe za pamba alizozikuta mezani, akawa anachukua sarafu moja moja kutoka kwenye trei, anailinganisha na picha yake kwenye kompyuta, anairudisha kwenye tundu lake, kisha anashuka mstari mmoja.

"Afande," alisema mtoto wa Mwalimu, "iliyopotea ni moja. Nimeshakuonyesha ni ipi. Hizi nyingine za nini?"

"Sijafika kwake bado," alijibu Inspekta, akashuka mstari mwingine.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kusimulia, na ndiyo maana mkuu wa kituo alitaka liishe upesi. Mwalimu alifundisha jiografia miaka thelathini na minne na kukusanya sarafu kwa zaidi ya miaka arobaini. Alizihifadhi kwenye kabati la mbao lenye trei kumi na nne, kila trei ina matundu thelathini yaliyotandikwa mahameli ya buluu, na habari za kila sarafu aliziandika kwenye vikaratasi alivyovijaza katika mabati ya biskuti. Mwaka huu, alipoona ameanza kusahau kipi kiko bati gani, alimwajiri binti mmoja mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, aje siku tatu kwa wiki kuviingiza vikaratasi vile kwenye jedwali la kompyuta. Walifanya kazi hiyo miezi mitano. Mistari ilipofika 412, yaani walipomaliza, Mwalimu akapigwa na kiharusi.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Sasa Mwalimu alikuwa amelala chumba cha pili, upande wa kulia haufanyi kazi na ulimi hautamki kitu. Wiki iliyopita mwanawe, ambaye ni mhandisi wa maji na ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha, alilifungua kabati kwa kumkumbuka tu baba yake. Akachapa orodha, akaanza kukagua. Mistari 412, sarafu 411. Aliyekuwa na ufunguo wa pili wa kabati miezi yote hiyo alikuwa mchapaji. Jana mchana mchapaji akakamatwa, na leo saa tisa alasiri jalada lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka.

Inspekta aliendelea. Kuna safu moja katika jedwali lile iliyomchelewesha kuliko zote, nayo iliitwa NILIPATAJE. Mwalimu hakuwa mtu wa kujibu kwa neno moja. Mstari wa 31: *Chenji ya duka la vitabu, muuzaji hakujua alichonipa, nami sikumwambia.* Mstari wa 88: *Nilibadilishana na kondakta kwa mwavuli, na siku hiyohiyo ikanyesha.* Mstari wa 197: *Niliiokota uwanjani shuleni. Nilitangaza gwarideni siku tatu, hakuna aliyejitokeza.* Inspekta alicheka peke yake, na mhandisi akamtazama kama mtu aliyecheka msibani.

Saa tano kasoro alifika trei ya kumi, mstari wa 286. Tundu la kumi na sita lilikuwa tupu. Kwenye kompyuta, picha ilionyesha sarafu ya fedha yenye ndege, na nyuma ya ndege yule, kwa upande kidogo, ndege mwingine kama kivuli chake. Mashine ya kiwandani iliipiga sarafu mara mbili kwa makosa. Katika miaka kumi ya sarafu za ndege zilizojaza safu ile ya trei, ni hiyo moja tu iliyotoka hivyo.

Inspekta alitoa lenzi mfukoni, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa mahameli. Alitazama tundu la kumi na tano, akatazama la kumi na sita, akatazama la kumi na saba, akarudi tena.

"Trei hizi baba amekuwa nazo tangu lini?"

"Tangu niko darasa la tano."

"Na hii sarafu ya ndege wawili aliipata lini?"

Mhandisi alisema baba alikuwa akizisimulia sarafu zake kila wakati wa chakula, na kwamba ukiyasikia mambo kila siku huyasikilizi. Alisema hivyo akitazama pembeni.

Inspekta akamwita aje aone mwenyewe. Katika kila tundu lililowahi kukaliwa, mahameli ilikuwa imelala na kuacha duara, ukingoni rangi imepauka kwa miaka. Katika tundu la kumi na sita, vinyweleo vya kitambaa vilikuwa vimesimama wima kama siku kilipotoka dukani, ila katikati palikuwa na mkandamizo hafifu sana.

"Sarafu haikukaa humu miaka," alisema Inspekta. "Sidhani hata kama ilikaa mwezi."

"Labda aliihamisha."

"Labda." Alirudi kwenye kompyuta, akaichuja safu ya NILIPATAJE ili imwonyeshe visanduku vitupu tu. Mistari yote ikapotea, ukabaki mmoja. Ulikuwa wa 286.

Mhandisi aliruka na jibu. Alisema binti alifuta. Kama alivyoiba sarafu, ndivyo alivyofuta maelezo, na mbaya zaidi aliandika ya kwake. Akauchukua mshale wa kompyuta akaupeleka safu ya mwisho, ile ya MAELEZO. Pale palikuwa na maneno matatu: AZIMA – FUNDI SAA. Kisha akafungua historia ya mabadiliko, jambo ambalo alikuwa amefundishwa na kijana wa kompyuta kazini kwao, na hapo sauti yake ikatulia kama ya mtu anayeweka karata ya mwisho mezani. Maneno yale yaliingizwa Jumatano saa tano asubuhi, kwa jina la mchapaji. Jumatano hiyo, tangu alfajiri, Mwalimu alikuwa hospitali na mpira wa oksijeni puani.

"Sasa niambie, afande. Nani alimwambia aandike?"

Inspekta alikiri kwamba hilo lilikuwa zito. Akaitazama historia ya kisanduku cha NILIPATAJE vilevile, kwa kuwa alikuwa hapohapo. Hakikuwahi kuwa na kitu. Hakuna aliyefuta.

"Na huyo fundi saa ulimuuliza?"

"Ni rafiki wa baba. Nilimpigia simu."

"Ukamwambiaje? Nataka maneno yenyewe."

Mhandisi alivuta kumbukumbu. "Nilisema, mzee, eti uliazima sarafu kwa baba? Akasema hajawahi, tangu azaliwe. Akakata simu."

Inspekta aliandika neno kwa neno, akapiga mstari chini ya moja, akavua glavu.

Kituoni, mchapaji aliletwa peku, maana sheria ya mahabusu ni viatu vibaki kaunta. Alikuwa na miaka ishirini na sita na macho ya mtu ambaye hakulala. Alama za vidole vyake zilikuwa zimechukuliwa mara mbili katika kituo kilekile. Mara ya kwanza ilikuwa wiki mbili nyuma, alipokuja kuomba cheti cha tabia njema, kwa sababu Jumatatu alitakiwa aanze kazi ya kudumu ofisi ya usajili ya chuo. Mara ya pili ilikuwa jana. Fomu ya cheti bado ilikuwa kwenye rundo la koplo, ikisubiri mhuri, na kesi ikishasomwa mahakamani mhuri huo hautagongwa tena.

Inspekta alimsukumia chai. Katika maelezo yaliyochukuliwa jana, koplo alikuwa ameandika mstari mmoja tu: *Mtuhumiwa anasema aliambiwa.* Koplo alikuwa mtu mwema, lakini kalamu ilimchosha haraka.

"Aliyekuambia ni nani?"

"Mwalimu mwenyewe."

"Jumatano saa tano Mwalimu alikuwa hajitambui."

"Sikujua, afande. Aliniambia Jumanne jioni, kwa simu. Nilikuwa kibandani, watu wamejaa wanataka fomu zao. Nikaandika kwenye daftari. Kesho yake watu walipopungua ndiyo nikaingiza, kwa mtandao."

Inspekta aliifungua bahasha ya kaki yenye vitu vyake. Simu ilikuwa imezimika, wakaichaji. Jumanne, saa kumi na dakika kumi jioni, Mwalimu alipiga, wakaongea dakika tatu. Daftari lilikuwa mkobani. Kati ya hesabu za nakala na namba ya fundi wa printa, kulikuwa na mwandiko wa haraka: *286 azima f. saa.* Kwa hiyo ile karata ya mhandisi ilikuwa imepigwa, lakini mchezo haukuwa umekwisha, maana fundi saa alikuwa amekana. Kama aliyeazimwa anasema hakuazimwa, aliyeandika ndiye mwongo.

"Niambie alivyosema," alisema Inspekta. "Siyo ulivyoelewa. Alivyosema."

Binti alifumba macho. "Alisema, mwanangu, ile ya mia mbili themanini na sita, kwenye maelezo weka azima, fundi saa. Akacheka. Akasema tusije tukaidanganya kompyuta."

"Nani alimwazima nani?"

"Mwalimu alimwazima fundi."

"Alisema hivyo?"

Binti alifumbua macho. Akasema polepole kwamba hapana, hakusema, naye hakumuuliza, watu walikuwa wengi na mmoja alikuwa akigonga sarafu kwenye kioo cha kibanda.

Ni neno moja hilo. Anayetoa anaazima na anayepokea anaazima, na sisi wote tunaelewana kwa sababu kwa kawaida tunakuwa tumesimama pale tunaiona kalamu inatoka mkono upi kwenda upi. Ukiliandika peke yake kwenye kisanduku, halina mkono. Hapo kituoni palikuwa na stepla iliyoandikwa kwenye kitabu *azima – trafiki*, na mpaka leo ofisi ya upelelezi na ofisi ya trafiki kila moja inaamini ndiyo yenye mali. Inspekta mwenyewe alikuwa upande mmoja wa ugomvi huo. Alifunga jalada, akamwambia binti amalize chai, asimwahidi mtu chochote wala asikate tamaa.

Saa saba na nusu alikuwa kwenye duka la fundi saa. Lilikuwa na upana wa mlango na kidogo tu zaidi. Ukutani palikuwa na saa kumi na saba, na mbili tu kati yake zilikuwa zimeafikiana. Fundi alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, lenzi imening'inia kwenye paji la uso, na alikuwa amenuna tangu kabla mgeni hajaingia. Inspekta alimsalimia kwa heshima zote, akakaa kwenye kiti cha wateja, akangoja mpaka skrubu iliyokuwa kwenye kibanio ikaingia mahali pake.

Hakutaka kulitaja lile neno. Alikuwa ameshaona lilivyofanya kazi yake.

"Mzee wangu, ndege wawili anaishi wapi?"

Fundi aliinua macho. "Ataishi wapi tena? Hapa."

Akavuta droo, akatoa kikopo cha dawa ya meno ya unga ambacho hakijatengenezwa siku hizi, na ndani yake, juu ya pamba, ilikuwepo. Ndege mmoja, na mwenzake nyuma.

Inspekta aliuliza kwa upole kwa nini hakumwambia mtoto wa Mwalimu.

"Hakuniuliza. Aliniuliza kama mimi niliazima sarafu kwa baba yake. Mimi na umri huu nikaazime sarafu kwa Mwalimu, niende nayo wapi? Aliyeazima ni yeye. Na kijana ananiuliza kwa sauti ya polisi, samahani kwako. Nimekwenda kumwona rafiki yangu mara mbili, mara mbili naambiwa getini amepumzika."

Mengine yalitoka yenyewe, na Inspekta aliyaandika. Sarafu ilikuwa ya marehemu mke wa fundi, alirudishiwa kama chenji ya mkate mwaka waliofungua duka, akaipenda kwa kuwa ndege hakuwa peke yake. Mwalimu alikuwa na sarafu za ndege za miaka yote isipokuwa huo. Kwa miaka tisa aliomba wabadilishane, akatoa hata saa yake ya mfukoni, na kwa miaka tisa fundi alikataa. Tundu lile la kumi na sita lilikuwa likiingojea. Jedwali lilipokaribia kuisha, Mwalimu akaja na ombi jingine. Hakutaka tena kuimiliki. Alitaka ikae kwake siku nane tu, aipime, aipige picha, aione trei imejaa, halafu mwenyewe aichukue.

"Nikampa. Jumanne saa tisa nikaifuata. Alinionyesha picha kwenye kompyuta kama mtu anayeonyesha mjukuu. Nikamwambia, Mwalimu, unaweka sarafu yangu kwenye daftari lako, watu watajua ni yako. Akasema ngoja nimpigie binti yangu arekebishe."

Kwa hiyo saa tisa sarafu ilitoka, saa kumi na dakika kumi simu ikapigwa. Inspekta aliomba mizani ya fundi. Jedwali lilisema gramu 11.64. Mizani ilisema 11.64. Chini ya bawa la ndege wa pili palikuwa na mkwaruzo mfupi kama ukucha, na kwenye picha aliyokuja nayo mkwaruzo ulikuwa palepale. Aliandika maelezo, fundi akayasoma mara mbili, akataka irekebishwe nukta moja, akaweka sahihi. Kisha Inspekta akamwomba afunge duka.

Saa nane na robo walikuwa sebuleni kwa Mwalimu. Mhandisi aliisikiliza habari yote akiwa amesimama. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka akishapata wa kumlaumu hamwachi kirahisi. Aliitazama sarafu ndani ya kikopo, akamtazama fundi.

"Unisamehe mzee, lakini nitajuaje kwamba hamkupanga? Wewe na yule binti. Sarafu imetoka kabatini kwetu, leo iko kwenye droo yako, na hadithi mnayo. Karatasi iko wapi?"

Fundi alitaka kujibu, Inspekta akamtangulia. Alisema mhandisi ana haki ya kuuliza, na mwendesha mashtaka naye atauliza vilevile. Alama ya mahameli ilionyesha sarafu ilikaa siku chache, haikuonyesha ni ya nani.

"Amebaki shahidi mmoja ambaye hatujamhoji."

"Nani?"

"Mwalimu."

"Baba haelewi kitu, afande. Anatazama dari tu."

"Daktari alisema haelewi?"

"Daktari alisema tungoje tuone."

"Na wewe umemuuliza jambo lolote?"

Mhandisi aliufungua mlango wa chumba.

Mwalimu alikuwa amelazwa chali, amenyolewa vizuri, shuka imenyooshwa. Mtu angeweza kuona alivyotunzwa. Inspekta alivuta stuli upande wa kushoto, ule ulio hai, akajitambulisha kwa cheo na kumwomba radhi kwa kumwingilia. Akauweka mkono wake ndani ya mkono wa mgonjwa. Alimwambia akibonyeza mara moja ni ndiyo, mara mbili ni siyo, na kwamba ataanza na maswali ambayo majibu yake anayajua, ili asije mtu akasema baadaye mkono ulijitikisa wenyewe.

"Ulikuwa unafundisha hesabu?"

Muda ulipita. Kisha vidole vikabonyeza, vikaachia, vikabonyeza tena.

"Jiografia?"

Mara moja.

"Kabati lako lina trei ishirini?"

Mara mbili, na mara hii kwa nguvu, kama mtu aliyeudhika kuulizwa upuuzi.

Mhandisi alikuwa amepigwa na butwaa mlangoni. Inspekta alimwita asogee, asimame karibu kabisa na kitanda, upande huohuo wa kushoto. Fundi saa alimweka miguuni, mbali kidogo. Swali la ndiyo na siyo halikumtosha kwa jambo hili, maana anayeuliza anaweza kumwekea mtu jibu mdomoni bila kujua. Alichukua sarafu, akamwonyesha Mwalimu pande zote mbili, akaiweka kwenye kiganja chake.

"Mwalimu, mpe mwenyewe."

Kiganja kilijifunga. Kwa muda hakuna kilichotokea, na Inspekta alisikia goti lake likiuma na hakulisogeza. Kisha ngumi ikainuka kutoka kwenye shuka, ikitetemeka. Ilipita mbele ya mkono wa mwanawe, uliokuwa umekwishanyooshwa bila yeye kujua. Ikaendelea kuelekea miguuni, ikakwama angani, haikuwa na nguvu ya kufika. Fundi saa akasogea akaipokea. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaushika ule mkono pamoja na sarafu ndani yake, akalia waziwazi, kama wanavyolia wazee ambao hawana tena wa kumficha.

Saa nane na dakika thelathini na tano, aliandika Inspekta.

Mhandisi alipiga magoti kando ya kitanda. Fundi akampisha mkono.

"Baba," alisema. "Siku zote hizi ulikuwa unanisikia?"

Vidole vilibonyeza mara moja.

Inspekta alitoka chumbani, kwa sababu hilo halikuwa la jaladani. Lakini kuta zilikuwa nyembamba, na alisikia mhandisi akirudia kuomba msamaha kwa mambo ambayo alikuwa ameyasema mle ndani kwa wiki tatu. Alikuwa amemwambia dada yake kwenye simu kwamba baba ameshaondoka, kilichobaki ni mwili. Alikuwa amesimama pale pale na kumtukana mchapaji, na kumwagiza mkewe apige polisi, na mtu pekee mle ndani aliyeujua ukweli alikuwa amelala hatua mbili kutoka kwake na hana namna ya kusema ngoja.

Waliingia kituoni saa tisa kasoro dakika nane. Jalada lilikuwa kaunta, limefungwa kamba, dereva amekwishalitilia mkono. Inspekta alilichukua mikononi mwake. Mhandisi aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba hakuna kilichoibwa na kwamba malalamiko yake yalikuwa ya makosa, akaweka sahihi. Mkuu wa kituo alisoma, akakuna kichwa, akasema kumbe kesi yenyewe ni ya sarufi. Hakuna aliyecheka. Inspekta akatafuta kwenye rundo la koplo, akaitoa fomu ya cheti cha tabia njema, akaigonga mhuri, akaiweka kwenye bahasha pamoja na simu na daftari.

Mchapaji alitoka amebeba viatu mkononi. Alipomwona mhandisi alisimama, akarudi nyuma hatua moja.

Mhandisi alimwambia yote bila kujitetea. Kwamba alikosea. Kwamba sarafu ilikuwa ya fundi tangu mwanzo, na alichoandika yeye kilikuwa sahihi, ila wao wote walikisoma kinyume. Kwamba hana la kumlipa kwa usiku wa jana. Binti alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Inspekta alidhani atalia au atamtukana, na angemruhusu vyote viwili.

"Mwalimu anajua kama nilikamatwa?" aliuliza binti.

"Anajua," alisema mhandisi. "Nilikuita mwizi mbele yake. Zaidi ya mara moja. Alisikia yote."

Binti aliketi kwenye benchi la kaunta. Alivaa kiatu cha kushoto, akavaa cha kulia, akafunga kamba zote mbili vizuri. Simu ikaita ndani ya bahasha, akatazama, alikuwa mama yake. Akaizima.

"Nyumbani wataningoja kidogo," alisema. "Nipeleke kwake kwanza, anione nimetoka."